Mratibu wa utafiti wa tiba Kigoma na Tabora: kazi yenyewe ikoje

Matangazo ya kazi za utafiti huandikwa kwa maneno mapana mno: "kuratibu shughuli za kila siku za mradi", "kuhakikisha ubora wa takwimu", "kushirikiana na wadau". Muuguzi wa Kasulu au mtaalamu wa maabara wa Nzega akiyasoma hajui kama kazi hiyo anaiweza au la. Na akiipata, mara nyingi hukabidhiwa itifaki nene ya utafiti, yaani mpango wake wa maandishi, na kuambiwa aisome mwishoni mwa wiki. Ndiyo maana nataka kuieleza kazi hii hatua kwa hatua, kwa mfano unaofahamika huku kwetu: utafiti wa kupima kama dawa mseto ya malaria bado inatibu. Ujiji mkoani Kigoma na Simbo mkoani Tabora ni miongoni mwa vituo vilivyotumika nchini kwa uchunguzi wa namna hiyo. Aliyeuelewa utafiti huu hatababaika sana akipelekwa kwenye wa chanjo au wa kifua kikuu.

Kiini cha kazi ni kutunza muda. Daktari anatibu, maabara inasoma slaidi, mtafiti mkuu yuko chuoni Dar es Salaam au ng'ambo. Anayetakiwa kujua kwamba mtoto namba 041 lazima aonekane kesho asubuhi, kwamba damu iliyotolewa saa tatu haijafika kwenye friza, kwamba cheti cha maadili kinaisha mwezi ujao na kwamba mafuta ya boti hayajalipiwa, ni mratibu. Karibu kila kosa kubwa katika kazi hii, ukilifuatilia hadi chanzo, ni kitu kilichofanyika kwa kuchelewa au kilichoandikwa kwa kuchelewa.

Nianze na vibali, kwa sababu ndipo miezi inapopotelea. Utafiti wa afya hupita kwanza kwenye kamati ya maadili ya chuo au taasisi, kisha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1979 na yenye kituo chake pale Tabora. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Majaribio ya dawa au chanjo yanapita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba iliyoitwa TFDA hadi mwaka 2019. Sampuli zikitoka nje ya nchi, lazima yawepo makubaliano rasmi ya kuhamisha sampuli. Kisha zinafuata barua za utawala: TAMISEMI, Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mganga mfawidhi wa kituo, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi hata moja. Mwenyekiti wa kitongoji hana mamlaka ya kisheria ya kuzuia utafiti, lakini akisema tu "mimi hawa siwajui", nyumba zote zitafungwa.

Cheti cha NIMR kina masharti ambayo watu huyasaini bila kuyasoma. Kinadumu mwaka mmoja. Taarifa ya maendeleo inatakiwa kila baada ya miezi sita. Matokeo hayachapishwi bila ruhusa yao. Na cheti hutaja maeneo. Mradi ulioombewa Wilaya ya Uvinza hauwezi kuvuka kuingia Kigoma Vijijini kwa sababu tu kijiji cha jirani kina wagonjwa wengi. Hapo unaomba marekebisho, unasubiri, ndipo unaendelea. Anza kuhuisha cheti miezi mitatu kabla hakijaisha. Kikiisha huku mnaendelea kuandikisha, taarifa za washiriki walioingia siku hizo zinaweza kutupwa zote, na ni haki zitupwe, maana watu hao walitolewa damu bila ulinzi wa kibali.

Ukishapata karatasi hizo, fungua faili kuu la kituo siku hiyohiyo. Ndani yake kunakaa itifaki na matoleo yake yote, vyeti, barua, wasifu wa kila mfanyakazi uliosainiwa na kuwekwa tarehe, vyeti vya mafunzo ya kanuni bora za majaribio ya tiba, na orodha ya mgawanyo wa majukumu. Orodha hiyo husahaulika sana. Kama jina la muuguzi halimo, au limo lakini hajapangiwa kuchukua ridhaa, basi kila ridhaa aliyoichukua ina kasoro. Muuguzi mpya akija kushika zamu ya mwenzake aliye likizo, asimguse mshiriki kabla hajapewa mafunzo na jina lake kuingia kwenye orodha, hata kama ana uzoefu wa miaka ishirini wodini.

Sasa ridhaa. Fomu huwa kwa Kiswahili, na wengi huona hapo kazi imekwisha. Lakini vijijini Kasulu na Buhigwe kuna akina mama wanaofikiri na kuuliza kwa Kiha, na pembezoni mwa Sikonge na Kaliua wako wanaotumia Kinyamwezi au Kisukuma nyumbani. Mama huyo ataitikia kila unachosema kwa heshima tu. Ukimsomea kurasa tano na kumuuliza "umeelewa, mama?" atajibu "ndiyo". Swali la namna hiyo halipimi kitu. Muulize yale ambayo jibu lake haliwezi kuwa ndiyo peke yake:

"Mama, kesho ukisema hutaki tena utafiti huu, mtoto akiumwa utampeleka wapi?"

"Si ntamleta hapahapa?"

"Na tutamtibu?"

"Mmesema mtamtibu tu."

Hapo ameelewa. Akijibu kwamba akijitoa itabidi aende hospitali nyingine, rudi mwanzo, eleza upya. Uliza pia damu itatolewa mara ngapi, na kiasi gani. Uvumi kwamba watafiti wanauza damu uko kila mahali na hauondoki kwa kuukemea. Unaondoka kwa kuonyesha. Shika kijiti cha kuchomea kidole, onyesha karatasi yenye matone makavu, na kama utafiti unahitaji damu ya mshipa, toa chupa tupu ya mililita tano na kijiko cha chai, ambacho ujazo wake ni huohuo. Ajionee mwenyewe.

Asiyejua kusoma anaweka dole gumba, na shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti anasaini. Shahidi awe amekaa pale tangu neno la kwanza. Kumwita mlinzi wa zahanati dakika ya mwisho aje asaini ni kughushi, hata kama nia ilikuwa njema. Tarehe na saa huandikwa na anayesaini kwa mkono wake, na kama ametumia dole gumba, shahidi anamwandikia. Nakala moja inaondoka na mshiriki. Kwa mtoto, mzazi au mlezi halali ndiye anayeridhia, na mtoto mkubwa wa kutosha kuelewa huombwa ukubali wake pia, kwa umri uliotajwa kwenye itifaki. Bibi aliyemleta mjukuu si lazima awe mlezi halali. Mwamkie, msikilize, mhudumieni mtoto matibabu ya kawaida, lakini usimwandikishe kwenye utafiti mpaka umejua mzazi yuko wapi.

Tuje kwenye ratiba, sehemu ninayoona inastahili umakini kuliko zote. Katika uchunguzi wa dawa ya malaria kwa utaratibu wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa siku 28, mgonjwa huonekana siku ya 0, 1, 2, 3, 7, 14, 21 na 28, na wakati wowote akijisikia vibaya. Siku ya 0 ni siku ya dozi ya kwanza. Wafanyakazi wapya huiita siku ya 1, na kuanzia hapo mahudhurio yote yanasogea kwa siku moja. Tengeneza kadi yenye tarehe zilizokwisha kupigwa hesabu, usimwachie mtu kuhesabu kwa vidole.

Kuna mambo mawili ya kupanga kabla hujaandikisha hata mgonjwa mmoja. La kwanza ni siku ya wiki. Mgonjwa wa Jumatatu, siku yake ya 3 ni Alhamisi. Wa Jumanne ni Ijumaa. Kuanzia Jumatano, lazima mtu awepo kazini Jumamosi au Jumapili. Kama bajeti haina posho ya mwishoni mwa wiki, andikisheni Jumatatu na Jumanne tu, mkubali kwenda polepole. Habari njema ni kwamba siku ya 7, 14, 21 na 28 huangukia siku ileile ya wiki aliyoanza, kwa hiyo mama wa Jumatatu anajua kwamba yake ni Jumatatu.

La pili ni saa. Dawa mseto ya artemether na lumefantrine ina dozi sita kwa siku tatu, na dozi ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza. Aliyeanza saa nne asubuhi atameza ya pili saa kumi na mbili jioni, hilo linawezekana. Aliyeanza saa nane mchana, ya pili ni saa nne usiku. Nani atakuwa zahanati saa hiyo, na mama atarudije nyumbani? Ninashauri uandikishaji ufungwe saa sita mchana, na wanaofika baadaye watibiwe kawaida bila kuingizwa kwenye utafiti. Dawa hii humezwa pamoja na chakula chenye mafuta ili lumefantrine ifyonzwe vizuri. Weka maziwa au maandazi kwenye bajeti kwa jina lake, kwa sababu mtoto mwenye homa hafiki akiwa ameshiba. Akishameza, mwangalie dakika 30. Akitapika ndani ya muda huo, anapewa dozi ileile tena na kuangaliwa dakika 30 nyingine. Akitapika tena, anatolewa kwenye utafiti na kupewa tiba nyingine kama itifaki inavyoelekeza.

Hapo kwenye saa kuna kosa linalorudi kila mradi. Fomu inataka saa kwa mtindo wa 24, mfanyakazi anafikiri kwa saa zetu. Dozi ya saa nne asubuhi inaandikwa 04:00 badala ya 10:00, ya saa kumi na mbili jioni inaandikwa 12:00, na kompyuta inaona mtoto aliyekunywa dawa alfajiri kabla hajafika kituoni. Dawa yake ni rahisi: saa ya ukutani ya tarakimu, inayoonyesha saa 24, ubavuni mwa meza ya dawa, na mwandikaji ananakili anachokiona. Asikokotoe kichwani.

Kwa nini siku ya 3 inasisitizwa hivi? Kwa sababu ndiyo inayoonyesha kama vimelea vinaondoka haraka. Asilimia 10 au zaidi ya wagonjwa wakibaki na vimelea siku ya 3, WHO huichukua kama dalili ya kushuku usugu usio kamili dhidi ya artemisinin, kundi la dawa ambamo artemether imo, na mkoani Kagera, jirani ya Kigoma, usugu wa namna hiyo umekwisha kuripotiwa. Mgonjwa wa Ujiji ambaye hakuonekana siku ya 3 hawezi kufidiwa na wa siku ya 4. Nafasi yake katika hesabu imepotea, na nchi inayotaka kujua kama ibadili dawa imepoteza jibu moja.

Kufuatilia watu Kigoma na Tabora kuna kanuni zake. Mwambao wa Ziwa Tanganyika wavuvi wa dagaa hufuata mwezi. Huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika. Mwezi huzunguka kwa siku 29 na nusu hivi. Kwa hiyo ukimwandikisha mvuvi wakati wa mbalamwezi, yuko nyumbani, na siku ya 28 utampata tena karibu na mbalamwezi nyingine. Atakayekuponyoka ni wa siku ya 14, maana hapo ni giza totoro na yuko dago, kambi ya wavuvi. Ukimwandikisha wakati wa giza, mambo yanageuka: siku ya 14 yupo, siku ya 28 hayupo. Mratibu wa mwambaoni aweke alama za mwezi mpevu kwenye kalenda ya mahudhurio, na kwa mahudhurio ya giza apange boti mapema au apate namba ya simu ya nahodha.

Tabora kinachohamisha watu ni tumbaku na asali. Urambo, Kaliua na Sikonge, msimu wa kuchuma na kukausha ukifika familia nzima inaweza kuhamia shambani kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, mbali na nyumba uliyoandika kwenye fomu. Warina asali huingia msitu wa miombo wiki kadhaa, ambako simu haishiki. Kwa hiyo swali la "unaishi wapi?" halitoshi. Uliza "mwezi ujao mtakuwa wapi?" Andika namba mbili za simu, ya pili iwe ya mtu asiyehama, kama mwenye duka au jirani mzee, na upate ruhusa ya mshiriki kumpigia mtu huyo. Ukipiga, usitaje ugonjwa wala utafiti. Andika pia alama ya mahali: mwembe, msikiti, mashine ya kusaga. Na panga magari ukijua kwamba mvua huku ni Novemba hadi Aprili, ambapo umbali uleule wa kiangazi unaweza kuchukua mara mbili ya muda.

Sasa tukae kidogo maabara, tuifuate damu ya mtoto mmoja. Kidole kinafutwa kwa spiriti na kuachwa kikauke. Spiriti mbichi huharibu damu. Tone la kwanza linafutwa. Kwenye slaidi moja unaweka tone nene, mikrolita 6 zilizotandazwa duara la milimita 12, na tone jembamba, mikrolita 2. Kwenye karatasi ya kunyonya unaweka matone matatu bila kuyagusisha. Namba ya mshiriki, tarehe na siku ya hudhurio vinaandikwa kabla ya kuchoma kidole, na vinasomwa kwa sauti mbele ya mama pamoja na kadi yake. Kuandika baadaye ndiko kunakozaa slaidi mbili zenye namba moja.

Slaidi inakaushwa kwa kulazwa, ndani ya sanduku lenye wavu, kwa sababu nzi na mende hula damu mbichi na kuacha matobo. Usiiweke juani wala karibu na jiko. Joto hulikaza tone nene, na seli nyekundu hazitapasuka wakati wa kupaka rangi. Methanoli hugusa tone jembamba tu. Ikitiririka hadi kwenye nene, slaidi haisomeki. Rangi ya Giemsa ya asilimia 10 hukaa dakika 10 hadi 15 kwa majibu ya haraka, ya asilimia 3 dakika 30 hadi 45 kwa usomaji mzuri zaidi, na maji yake yawe na pH 7.2. Maji ya bomba au ya kisima yakitumiwa hivihivi, rangi hubadilika na vimelea havionekani vizuri. Msomaji anahesabu vimelea hadi afikishe seli nyeupe 200, kisha anazidisha kwa 40, kwa kuchukulia mikrolita moja ina seli nyeupe 8,000. Vimelea 150 ni sawa na 6,000 kwa mikrolita. Wasomaji ni wawili, hakuna anayeona jibu la mwenzake, na wakitofautiana kupita kiwango cha itifaki anaitwa wa tatu. Wasomaji wawili waliokaa meza moja na kuongea hawana tofauti na msomaji mmoja.

Karatasi ya matone huachwa ikauke kabisa, ikiwezekana usiku kucha, kivulini. Kisha kila moja huingia mfuko wake wa plastiki wenye zipu, na kifuko cha chembe za kukausha unyevu ndani yake. Wakati wa masika chembe hizo hulowa upesi. Nunua zile zinazobadilika rangi, uzikague kila wiki. Faida ya karatasi hizi kwa mikoa yetu ni kubwa: zinasafiri bila barafu, na reli ya kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 1,250. Maabara ya vinasaba huzitumia kutambua kama malaria ya siku ya 21 ni ileile iliyorudi au ni maambukizi mapya ya mbu mwingine.

Utafiti unaotumia damu ya mshipa una saa kali zaidi. Mpira wa kufungia mkono usikae zaidi ya dakika moja. Chupa ya kifuniko cha zambarau yenye EDTA, kizuia damu isigande, ipinduliwe polepole mara 8 hadi 10, isitikiswe. Chupa ya seramu isimame wima dakika 30 hadi 60 damu igande, izungushwe kwenye mashine dakika 10 kwa kasi iliyoandikwa kwenye maelekezo, kisha seramu igawanywe kwenye vichupa vidogo na kuingia friza. Ukizungusha kabla haijaganda unapata utando kama utelezi ndani ya seramu. Damu iliyosafirishwa kwa pikipiki barabara ya makorongo hufika seli zikiwa zimepasuka, seramu nyekundu, na kipimo cha potasiamu kinatoka juu kwa uongo. Kwa hiyo mashine ya kuzungushia damu ikae karibu na mgonjwa, zahanati kwenyewe. Kinachosafiri kiwe seramu. Barafu kavu, yenye nyuzi -78.5, hugeuka kuwa gesi. Kisanduku chake kisizibwe kabisa, kitapasuka. Agiza mapema kutoka jiji kubwa, na usiitume sampuli kabla ya kujua ndege ya siku hiyo imethibitishwa na mpokeaji yupo. Usitume Ijumaa.

Jokofu la dawa au vitendanishi vinavyotunzwa nyuzi 2 hadi 8 husomwa asubuhi na jioni, Jumapili pia, na kipimajoto chenye kumbukumbu huachwa ndani muda wote. Umeme ukikatika na nyuzi zikapanda, usitupe dawa na usiitumie. Itenge, iandike "isitumike", piga picha kipimajoto, mwandikie mfadhili, subiri jibu la maandishi.

Kuhusu kuandika, kanuni ni chache: ajulikane aliyeandika, isomeke, iandikwe wakati uleule, iwe ya asili, iwe sahihi. Ukikosea, piga mstari mmoja ili kilichokuwepo kisomeke, andika sahihi pembeni, weka herufi za jina lako, tarehe, na sababu kama haiko wazi. Hakuna wino mweupe, hakuna penseli, hakuna kuchana ukurasa. Joto la mtoto likiandikwa kwenye kipande cha boksi la glovu kwa haraka, basi kipande hicho ndicho hati ya asili; kihifadhi kwenye faili, usinakili kwa mwandiko mzuri na kukitupa. Mfuatiliaji wa mfadhili akija, huwa anatafuta mambo hayohayo. Kurasa safi mno zenye kalamu moja na mwandiko uleule kwa wiki tatu humtia shaka kuliko kurasa zenye marekebisho yaliyosainiwa. Kwa upande wa kompyuta, miradi mingi hutumia vishikwambi na programu kama REDCap. Tuma taarifa kila jioni mtandao unapopatikana, na jibu hoja za msimamizi wa data ndani ya wiki, kabla ya watu kusahau. Majina yakae daftari tofauti na namba, kabatini, chini ya kufuli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu hata watafiti.

Jambo linaloogopwa bure, na matokeo yake likafichwa, ni tukio baya kali. Maana yake imepangwa: kifo, hatari ya kufa, kulazwa au kuongezewa muda wa kulazwa, ulemavu wa kudumu, au mtoto kuzaliwa na kasoro. Haiulizwi kwanza kama dawa ndiyo iliyosababisha. Mtoto wa utafiti akilazwa Maweni, hospitali ya mkoa wa Kigoma, kwa kuungua na uji, ni tukio baya kali, na kwa kawaida mfadhili anatakiwa ajue ndani ya saa 24 tangu mfanyakazi yeyote wa utafiti alipopata habari. Saa zinaanza kuhesabiwa pale dereva aliposikia kijiweni. Kwa hiyo fundisha wote, dereva na mpishi wakiwemo, wampigie nani. Waeleze pia wauguzi wa wodi za watoto Maweni na Kitete, hospitali ya mkoa wa Tabora, kadi ya utafiti inafananaje, ili mtoto mwenye kadi hiyo akifika usiku, simu ipigwe. Taarifa ya kwanza inaweza kuwa na mistari minne tu, nyingine zitafuata.

Fedha zinawaangusha waratibu wengi walio hodari kwa mgonjwa. Ukichukua masurufu, yaani fedha za safari za kutanguliziwa, yarejeshe kwa risiti ndani ya siku zilizowekwa, la sivyo safari ijayo haitalipwa. Mwenye boti wa Uvinza hana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kabla ya safari, kubaliana na mhasibu wa chuo kwa maandishi kuhusu fomu mbadala yenye jina, simu, tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi na sahihi. Nauli ya mshiriki ilipwe siku ileile, mkononi au kwa simu pamoja na ada ya kutolea. Bajeti nyingi husahau ada hiyo, na mama anapokea pungufu ya alichoahidiwa kwenye fomu ya ridhaa. Hiyo ni ahadi iliyovunjwa. Usilipe kupita kiasi kilichoidhinishwa na kamati, hata kwa huruma, maana nauli ikizidi huanza kununua ridhaa.

Anayetaka kuingia kazi hii kutoka wodini au maabara ya halmashauri hahitaji shahada ya pili. Stashahada ya utabibu, uuguzi au maabara, leseni hai ya baraza lake, cheti cha kanuni bora za majaribio ya tiba, kozi ambayo hupatikana mtandaoni bila malipo, na kuimudu Excel vinatosha kuanzia kama msaidizi wa utafiti. Kwenye usaili atawekwa mbele ya tukio: mshiriki ametapika, friza imezimika, mzazi amejitoa siku ya 7. Ajibu kwa mpangilio huu: mgonjwa kwanza, kisha kuandika, kisha kuripoti. Na mkataba ukija, aangalie tarehe ya mwisho ya ruzuku, siyo ya mkataba peke yake, michango ya NSSF, bima ya afya, na nani analipa safari za mafunzo. Ruzuku ikiisha Septemba, taarifa ya kufunga mradi, mrejesho kwa kijiji na kuhesabu dawa zilizobaki vinatakiwa viwe na mtu na fedha hadi Desemba. Aulize hilo kabla hajasaini.